Kiti cha Délice

Gurudumu ndilo lililotangulia. Kriii, kriii, likanyamaza, likaanza tena, kriii, mahali fulani nyuma ya malori, upande wa Burundi, ambako macho ya Onesphore hayakuweza kufika. Mbele yake zilisimama turubai, wanawake waliobeba madumu ya mawese, na vumbi la saa tisa alasiri, ambalo pale mpakani Kavimvira halina adabu kwa shati jeupe. Shati lake lilikuwa jeupe. Tangu asubuhi hakuegemea ukuta wala kukaa chini, asije akalichafua.

"Ni yeye," alisema, akamkamata Frédéric mkono. "Ni yeye huyo!"

Frédéric, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, alikuwa amekaa kwenye meza yake ndogo ya kubadilisha pesa, chini ya mwavuli uliopauka. Hakuinua hata kichwa.

"Umeona nini? Minye naona malori tu."

"Sijaona. Nimesikia gurudumu yake."

"Mungu wangu! Bantu wanasikia sauti ya muchumba, weye unasikia gurudumu. Mapenzi yako iko na matairi?"

Onesphore hakucheka, ila moyo wake ulicheka. Gurudumu lile alilifahamu kuliko sauti nyingi za watu. Délice, mchumba wake, alikuwa ameinunua valizi ile nyekundu, sanduku lake la safari, kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika, huko Nebraska alikoishi na kaka yake, na siku hiyohiyo alimpigia simu akaiburuta kwenye sakafu ya jikoni ili asikie. "Gurudumu moja iko inalia," alimwambia akicheka. "Wanataka kunibadilishia, nimekataa. Siku nitavuka Kavimvira, utanisikia mbele ya kuniona." Naye Onesphore, kwa moto wake wa kutaka kila jambo liwe na alama, akakata kipande cha kitenge cha posa, cha manjano chenye samaki wa kijani, akamtumia kwa mkono wa msafiri. "Kifunge kwenye mkono wa valizi," alimwambia. "Nikisikia, niangalie. Nikiona kitenge, nikimbie."

Na usiku ule ule akamtungia beti, akamsomea kwenye simu kwa sauti ya kujigamba:

Njoo bila ya zawadi, mlango nimeupaka,
Nimechoka na ahadi za simu ya kukatika,
Gurudumu likizidi, mtaa utaamka,
Nitasimama, sirudi, hadi mkono kushika.

Délice aliusikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Isome tena."

"Na ni kweli," Frédéric aliendelea, akihesabu noti za mteja bila kumtazama mteja, "anakuja na ile ndege ya sabuni?"

"Usiite ndege ya sabuni."

"Ni weye uliniambia! Kule Amerika muntu ananunua sabuni, anapewa ndege. Huku minye nanunua sabuni, napewa povu."

Mteja alicheka. Onesphore naye safari hii alitabasamu, kwa sababu haikuwa mbali na ukweli. Kule, benki humpa mtu kadi, na kila akinunua kitu kwa kadi ile huongezewa maili za ndege. Maili zikitosha, shirika la ndege humpa kiti asichokilipia tiketi. Wengi huzichukua kadi hizo na kuzama. Délice hakuzama. Alijisomea masharti yale yenye herufi za siafu, akayageuza kuwa elimu, na jioni kwa jioni akamfundisha Onesphore, mwashi wa mtaa wa Songo ambaye hajawahi hata kuishika kadi ya benki, mpaka akayajua kama katekisimu.

"Lipa deni yote mbele ya tarehe," Onesphore alikuwa akimkariria.

"Kwa nini?"

"Benki iko inangoja uchelewe. Ukichelewa, faida yake inakula maili zote."

"Keshi?"

"Usitoe keshi na kadi, ata kama unakufa."

"Na kitu ambacho sina lazima nacho?"

"Usinunue. Maili haigeuzi hasara kuwa zawadi."

"Pointi za benki nazihamisha lini kwa ndege?"

"Siku ile umeona kiti kwa macho. Mbele ya hapo, ziache zilale."

"Eeh, weye ni muntu wa kuoa," Délice alikuwa akisema, na hapo somo lilikwisha na maneno mengine yakaanza.

Kwa hiyo kila chakula cha wenzake wa kiwanda cha nyama Délice alikilipa kwa kadi, wao wakamrudishia keshi. Vitambaa vya kwaya, matairi ya jirani, maziwa ya mtoto wa kaka, vyote vilipita kwenye kadi ile. Alichagua majira ambayo wasafiri ni wachache na viti ni vya maili chache. Hakuna alichokiacha kianguke.

Kriii, kriii. Lori la mbele likasogea. Onesphore akajinyoosha shati.

Akaiona valizi. Nyekundu. Akakiona kitenge, cha manjano chenye samaki wa kijani, kimefungwa fundo kwenye mkono wa valizi. Akaanza kukimbia, jinsi alivyoahidi, na alikuwa amekwisha kukimbia hatua kadhaa miguu ilipotambua jambo ambalo kichwa kilikuwa bado kinalikataa. Mkono ulioshika kitenge ulikuwa mpana. Ulikuwa na saa kubwa ya kiume.

Alisimama katikati ya watu.

Mwanaume aliyeivuta valizi alikuwa mrefu, amebeba koti zito la baridi begani, na uso umevimba kwa usingizi wa ndege. Macho yalikuwa ya Délice. Yaleyale, marefu, yenye kope za chini nzito. Kuyaona macho yale kwenye uso wa mtu mwingine kulimuuma Onesphore mahali ambapo hakujua kwamba panauma.

"Yaya Jean-Berchmans," alisema. Ndiye kaka mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ya kina Délice.

"Onesphore. Umekuwa mwanaume."

"Karibu, Yaya. Karibu nyumbani." Macho yake yalikuwa yamekwisha kumpita bega. "Délice iko duane, kwa bantu wa ushuru? Wamemushika na mizigo?"

"Hapana."

"Iko nyuma?"

Jean-Berchmans aliisimamisha valizi wima, polepole, kama mtu anayeahirisha jambo.

"Nyuma yangu hakuna muntu," alisema.

Frédéric, ambaye hajawahi kukosa la kusema, safari hii alikunja mwavuli wake bila sababu, akaukunjua tena. Kisha akasogeza kiti chake cha miti.

"Kaa, Yaya. Umetoka mbali."

Jean-Berchmans alikaa. Onesphore alibaki amesimama. Alikuwa akikitazama kile kitenge, akingoja kimweleze.

"Kiti kilikuwa kimoja," Jean-Berchmans alianza. "Maili zilitosha kiti kimoja. Jumamosi ni kuganduka kwa mama. Nani angesimama mbele ya wazee? Mutoto wa mwisho?"

Mama yao, Pélagie, alikuwa amefariki mwaka uliopita huku kwao, kwenye mashamba ya mpunga ambayo alikataa kuyaacha watoto walipoondoka. Na kwa watu wa bonde la Ruzizi msiba haukwishi kaburini. Hukwisha siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, mzaliwa wa kwanza anaposimama na kuwafungua ndugu zake: nendeni, limeni, oeni. Kabla ya neno hilo hakuna mtoto wa marehemu anayefunga ndoa. Onesphore alilijua hilo. Kwa ajili hiyo harusi yake ilikuwa imengoja mwaka mzima. Mpango ulikuwa kaka na dada waje pamoja. Jumamosi wafunguliwe, Jumamosi inayofuata padri awabariki.

"Ulisema nauli yako utajilipia," Onesphore alisema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Ulikuwa umekaa nyuma ya Délice kwenye simu, ulisema, 'Yangu niachieni.'"

"Kiwanda kimepunguza saa za kazi. Nina watoto, Onesphore. Nina nyumba ya kulipa."

"Baba mudogo Nsengiyumva angesema hilo neno."

"Tulimuomba. Amekataa. Amesema muzaliwa wa kwanza akiwa hai, mudomo wa mwingine haufungui muntu."

"Kwa hiyo ukachukua kiti chake."

"Nilichukua kiti cha nyumba."

"Cha nyumba?" Sauti ya Onesphore ilipanda mpaka wauza ndizi wakageuka. "Nani amenunua kila sabuni na kila tairi? Nani alikuwa hali nyama ili alipe deni mbele ya tarehe? Nyumba? Nyumba inafanya kazi zamu ya usiku?"

"Teremsha sauti."

"Sauti yangu ni kitu ya pekee sikuiweka kwenye akaunti yako!"

"Onès," Frédéric alisema taratibu.

Jean-Berchmans hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Nani aliniweka mimi juu ya hiyo akaunti?" aliuliza. "Sikuomba. Siku moja dada yangu alikuja sebuleni, akapiga magoti kabisa, akasema, 'Yaya, maili zetu zote, zangu, zako na za wifi, ziingie chungu kimoja, na weye ndiye mwenye chungu. Weye peke yako ndiye utachota.' Nikamwuliza, nani amekufundisha heshima ya namna hii? Akasema, 'Onesphore.'"

Vumbi lilipita kati yao. Onesphore aliinamisha kichwa.

Maana ilikuwa kweli. Délice alikuwa amemwuliza: kule wanaruhusu familia kuchanganya maili, zinakua haraka, lakini anatakiwa mkubwa mmoja tu mwenye ruhusa ya kuzitoa, nijiandike minye? Naye Onesphore, aliyekuwa akikosa usingizi kwa ajili ya sura ya kaka huyu asiyewahi kumtolea hata salamu ndefu, alijibu mbio: Aka, Délice! Utampitaje Yaya? Muandike yeye juu. Akijiona ameheshimiwa, na minye ataniona muntu. Alikuwa amejisikia mwenye akili nyingi siku ile. Alikuwa hata amemsimulia Frédéric.

Frédéric alikuwa akizitazama noti zake.

"Yeye alikubali?" Onesphore aliuliza hatimaye. "Kiti kwenda kwako. Alikubali?"

"Nilimuonyesha tiketi ikiwa imekwisha kutoka. Alienda chumbani, akarudi na valizi. Alikuwa amekwisha kuipanga, unajua? Alitoa nguo zake, moja moja, akaziweka kitandani. Akaniambia, 'Chukua hii, yako imepasuka.'" Jean-Berchmans alikigusa kitenge kwa kidole. "Nilitaka kukitoa hiki. Alinikataza."

Onesphore aligeuka, akawapa mgongo. Ziwa lilikuwa pale kushoto, pana, la buluu, halimjui mtu.

"Yaya, niangalie." Alirudi akachuchumaa mbele yake, shati jeupe na vumbi lote lile. "Unajua baba yangu."

"Mzee Hatungimana. Namjua."

"Baba alisema mbele ya wazee wenu: kuganduka ikipita na bibi harusi hajaingia, ng'ombe ya posa irudi. Pitchou, mudogo wangu, naye anataka kuoa, na ng'ombe ni hiyo moja. Ikirudi, hakuna posa tena. Mbele ya wazee, Délice hatakuwa kitu kwangu."

"Najua."

"Basi Jumamosi, ukisimama, ongeza neno moja. Sema, 'Ng'ombe ibaki, dada yangu atakuja.' Hilo tu. Neno la muzaliwa wa kwanza siku ile, baba yangu hawezi kulipinga. Atangoja. Na minye nitangoja."

Jean-Berchmans alimtazama muda mrefu kwa macho yale ya Délice, na kwa mara ya kwanza palikuwa na huruma ndani yake, na Onesphore akaogopa.

"Nikisema atakuja, atakuja na nini?" aliuliza. "Chungu kiko tupu. Nimekula mimi. Nisimame kwenye kaburi ya mama, siku ya kufungua watoto wake, niseme uongo na tumbo limeshiba?"

"Si uongo. Ni tumaini."

"Kwako ni tumaini. Kwangu mwenye kujua, ni uongo." Akainuka, akashika mkono wa valizi. "Ningebaki kule, msingeoana. Nimekuja, hamuoani. Nimeligeuza hilo jambo tangu Addis mpaka Bujumbura, na sijaona mlango. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, sitashangaa."

Alivuta hatua mbili, gurudumu likalia, akasimama.

"Kuna jambo moja. Alinituma kwenye nyumba yako ya Songo. Alisema nisilale mbele ya kuona mlango."

---

Walipanda Songo kwa miguu kutoka barabara kubwa, kwa sababu njia ya mlimani ina mawe na pikipiki iliwaacha chini. Onesphore ndiye aliyevuta valizi. Hakumwachia Jean-Berchmans, hata alipoombwa. Ikiwa gurudumu lile lilikuwa lipande Songo, na lipande mkononi mwake. Lililia njia nzima. Watoto walitoka nje kutazama, na Mama Agnès, jirani ambaye alikuwa amekwisha kukodi viti vya harusi kwa maneno ya mdomo tu, alipiga vigelegele viwili, akamwona Jean-Berchmans peke yake, akakimeza cha tatu.

"Iko wapi bibi yetu?" aliuliza.

"Bado, Mama," Onesphore alijibu, akapita.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Aliijenga mwenyewe, Jumapili na sikukuu, tofali kwa tofali, baada ya kazi za watu. Mlango ulikuwa wa buluu. Délice aliichagua rangi hiyo kwenye simu, akamrudisha dukani mara kadhaa: hiyo imefifia, hiyo ni ya dispansari, hiyo, eeh, hiyo! Upande wa ziwa palikuwa na tundu la dirisha ambalo halikuwa limetiwa fremu. Délice alisema fremu ataichagua mwenyewe akifika, kwa kuwa ndipo atakaposimama kupika.

Jean-Berchmans alisimama mbele ya mlango ule na koti lake la baridi begani. Alitoa simu ili apige picha, akaiteremsha.

"Sijui kupiga picha ya kitu kama hiki," alisema. "Mwambie mwenyewe. Ametoka kazini sasa, kwao ni asubuhi."

Alipiga, akampa simu, akaenda kukaa juu ya jiwe, mgongo kwao, lakini si mbali.

Uso ulitokea ukikatikakatika, kisha ukatulia. Délice alikuwa amesimama kwenye uwanja wa magari, na koti jeupe la kiwandani, na wavu wa nywele bado kichwani. Alikuwa amekonda. Simu za wiki zote zile zilikuwa za gizani, na Onesphore alielewa sasa kwamba hiyo ilikuwa makusudi.

Onesphore alimwona akimtazama shati, kola, vumbi, kisha macho.

"Umevaa nyeupe," alisema Délice.

"Weye ulisema nivae."

"Onès..."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Wiki nzima ulijua. Jana nilikuuliza, 'Umepanga mizigo?' Ukasema, 'Valizi imefungwa.'"

"Ilikuwa imefungwa."

"Délice! Kwa nini uliniacha nisimame pale kama mujinga? Frédéric alikuwa anacheka, minye nacheka, nimekimbia, unasikia? Nimekimbia kumpokea kaka yako!"

Alifunga macho. "Kwa sababu ulikuwa na furaha," alisema. "Kila siku ulikuwa unaniambia, bado siku hizi, bado siku hizi. Sikuwa na mudomo wa kuiua. Nikasema, acha iishi mpaka mwisho wake. Acha lile gurudumu lilie Kavimvira ata mara moja. Nilikosa. Nipigie kelele."

Alikuwa na kelele nyingi za kumpigia. Alizitafuta, akakuta zimelowa.

"Nionyeshe mlango," Délice alisema.

Akaigeuza simu. Jua la jioni lilikuwa limeuangukia mlango wote, na buluu ile ilikuwa imewaka mpaka ukingo. Kwenye simu ilisikika pumzi moja ndefu.

"Ni ile ile."

"Ni ile ile."

"Na dirisha?"

Akamwonyesha tundu. Ng'ambo yake lilionekana ziwa, na mtumbwi mmoja unarudi.

"Hapo ningekuwa nakuona ukipanda," alisema Délice. Kisha haraka, kama mtu anayekimbia mvua: "Onès, sikia. Nitaanza tena. Leo leo. Kuna kadi nyingine, wanakupa maili nyingi za mwanzo ukifikisha manunuzi yao ya miezi ya kwanza. Akaunti hii nitaandika yangu peke yangu, sitapiga magoti kwa muntu. Nitachukua na zamu ya mchana. Kila kitu kwa kadi, nyumba, umeme..."

"Nyumba wanakata ada ukilipa kwa kadi. Ada inapita faida."

Alisita. "Basi si nyumba. Chakula..."

"Na kiti kimepanda. Weye ndiye ulinifundisha. Weye unapanda ngazi, wao wanainua dari. Ulisema kila mwaka kiti kile kile kinataka maili zaidi."

"Nilikufundisha vibaya!" alilia. "Nilitaka ujue ili ufurahi, sikutaka ujue ili unifungie njia!"

"Nionyeshe mikono."

"Hapana."

"Délice. Mikono."

Aliinua mmoja. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa bandeji, na kiganja kimepasuka kwa baridi ya nyama na maji ya dawa. Alikirudisha mfukoni upesi, kama kitu alichokiiba.

Mikono ile Onesphore aliiacha ikiwa myororo. Aliishika mara ya mwisho kule Mulongwe, kando ya mto, kabla hawajaondoka, na Délice alikuwa amecheka akisema, mwashi ana mikono ya kokoto. Sasa kokoto zilikuwa zimevuka bahari. Zamu ya usiku, na zamu ya mchana juu yake. Kwa ajili ya kiti. Na siku ya kukipata kiti ng'ombe angekuwa kwingine, Pitchou amekwisha kuoa, na mtoto mgongoni mwa mkewe, na wazee wakisema juu ya Délice, huyo ni nani?

"Ng'ombe inarudi Jumamosi," alimwambia.

"Yaya hatasema neno?"

"Hatasema. Na ana haki." Lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka. Juu ya jiwe lile, mgongo wa Jean-Berchmans ulijikunja kidogo.

Délice alianza kulia sawasawa sasa, bila kuficha, pale kwenye uwanja wa magari ambako wenzake walikuwa wakipita na mikebe yao ya chakula. Onesphore alimtazama. Hakumwambia nyamaza. Aliuweka uso ule moyoni mahali ambapo simu haikatiki: kope nzito, wavu wa nywele, kovu dogo kwenye kidevu la siku aliyoanguka na baiskeli ya kaka yake.

"Niambie utaningoja," alisema Délice. "Sema tu."

Na mwanaume huyu mwenye kinywa cha moto, aliyekuwa na vina kwa kila jambo, alikaa kimya. Akisema ndiyo, angeziona bandeji zikiongezeka, kidole kwa kidole, na kila kidole kingekuwa na jina lake. Ukimya ulikuwa mrefu. Délice aliusikiliza mpaka akauelewa, kwa sababu walikuwa wamependana kwa simu, na wapendanao kwa simu hujua kusoma ukimya.

Alijipangusa uso kwa koti.

"Kaka yangu atarudi na hiyo valizi," alisema taratibu. "Toa kitenge. Baki nacho."

Onesphore aliinama. Fundo lilikuwa gumu. Lilikuwa limefungwa na mtu aliyetaka lifike. Alilifungua kwa meno. Jean-Berchmans alikuwa amekwisha kusimama, akaushika mkono wa valizi uliobaki mtupu, akangoja.

"Nimekitoa," alisema Onesphore.

"Sasa nisikilize, maana mtandao unakatika. Bantu wanavuka pale Kavimvira kila siku. Valizi zinalia kila siku. Nakujua weye. Utapita pale kwa kazi, utasikia moja, utasimama katikati ya malori na hilo shati lako. Ukisimama, minye nitahisi huku, na nitachukua zamu nyingine." Alimeza mate. "Niahidi. Kwa sauti, Yaya asikie."

Chini ya kilima Mama Agnès alikuwa akivirudisha viti. Onesphore alikikunja kitenge, akakitia mfukoni mwa shati, akainua simu karibu na mdomo.

"Ninakuahidi, Délice," alisema kwa sauti kubwa. "Nikisikia gurudumu, sitasimama."